Fundi wa belti za boti kule Kigamboni: alichokikuta kwenye Yanmar yetu na kama hela yake ni halali

Kwa mwenye haraka anayejiuliza kama ampelekee kazi huyu fundi jibu ni hili, nenda. Ni mtu wa taratibu sana, simu hapokei inavyotakiwa, risiti ya maana hana, lakini kwa hili tatizo la belti ya injini ya boti kukatika kila mara mi sijaona Dar fundi mwingine anayelifuata mpaka kwenye mzizi wake. Jina na namba siweki hapa, mwenyewe hapendi, ila ukivuka na pantoni ukawauliza wanaotengeneza boti zilizopandishwa nchi kavu kwamba unamtaka fundi wa injini za ndani anayeshughulika na belti, utaelekezwa.

Injini yetu ni Yanmar ya silinda nne, ile familia ya 4JH, farasi hamsini na ushee. Boti ni ya kukusanya samaki, tunashuka Mafia, Songosongo, mara nyingine tunafika mpaka Kilwa Masoko, tunanunua pweza na nguru kwa wavuvi alafu tunapandisha mzigo Feri. Ndani kuna friza zinazotumia betri, na mwenye boti wa kwanza alishatoa altaneta (ile inayochaji betri) ndogo iliyokuja na injini akafunga kubwa ya ampea 120 ili friza zipate umeme wa kutosha. Sasa altaneta imebadilika ila belti haikubadilika, ni ileile moja ya V ya nusu inchi, na hiyo hiyo moja inazungusha altaneta pamoja na pampu inayosukuma kulanti, yaani maji ya kupoozea, ndani ya injini. Belti zikawa hazikai. Unafunga mpya asubuhi, kabla hamjafika mnakoenda harufu ya mpira imeshajaa chumba cha injini na vumbi jeusi limetanda mbele ya injini yote, na safari inayofuata au ile ya pili yake inakatika.

Kuna kitu hapa naomba kila nahodha mwenye injini ya aina hii akielewe, maana kinaua injini za watu. Kwenye hizi 4JH pampu ya maji ya bahari haivutwi na belti, inazungushwa na gia. Kwaiyo belti ikikatika maji yanaendelea kumwagika kwenye ekzosi kama kawaida, nahodha anageuka nyuma anaona maji yanatoka anasema hamna shida twende, kumbe kulanti imesimama haizunguki na silinda hedi inaiva taratibu. Anayekuambia ukweli ni taa ya chaji. Hiyo inawaka palepale belti ikiondoka, alamu ya joto yenyewe inakuja baadaye, na kwa baadhi ya boti alamu ilishakatwa waya zamani kwa sababu ilikuwa inasumbua. Taa ya chaji ikiwaka mko majini, toa gia, zima, tupa nanga kama kina kinaruhusu, alafu ndo mfungue kifuniko cha injini muangalie. Usiseme nitafika tu pale mbele.

Kabla ya huyu fundi tulipita kwa wengine, na karibu wote dawa yao ni moja, kaza. Belti inalia? Kaza. Inatoa vumbi? Kaza tena. Mmoja aliikaza mpaka ukiigonga na kidole inatoa mlio kama uzi wa gita, na kweli ikanyamaza, ila haikuchukua muda beringi ya pampu ya kulanti ikaanza kunguruma na sili ikavuja, tukanunua pampu nzima. Pampu sio kitu cha bei ya belti, mnajua wenyewe. Mwingine akaja na sabuni ya kipande akaipaka kwenye belti inazunguka, kelele ikakata kwa muda, alafu ikarudi mbaya zaidi kwa sababu sabuni ikishapata joto inaacha utelezi na belti inazidi kuteleza. Na wapo waliosema ni feki zote, nunua orijino. Feki zipo kweli na nitalisema chini, ila tulifunga hadi orijino na ikakatika vilevile.

Huyu wa Kigamboni kitu cha kwanza hakugusa spana. Aliomba belti zilizokufa. Kijana wetu wa boti bahati nzuri hatupi kitu, alikuwa amezitia kwenye ndoo, zikaletwa. Fundi akatandika gunia, akazipanga, akachukua moja moja anaigeuza ndani nje huku anaimulika na tochi, anaikunja kwa vidole kuangalia nyufa, anapitisha kucha pembeni. Akatuita tuone. Pembeni mwa belti karibu zote palikuwa panang'aa, pagumu, ukipagusa ni kama plastiki sio mpira, akasema hiyo ni belti iliyoteleza ikaungua. Alafu kwenye zote upande mmoja umeliwa zaidi ya mwingine, nyuzi zimeanza kuchomoza upande wa mbele tu, nyuma pazima, hapo akasema puli zenu, yaani yale magurudumu yenye mfereji yanayobeba belti, hazitazamani. Ingekuwa ni mafuta, belti ingevimba na kulainika. Ingekuwa imekatika kwa mkato mmoja safi, angeshuku imeingizwa kwa kulazimishwa na bisibisi wakati wa kufunga, maana ukiipandisha belti kwenye puli kwa kuibinya na bisibisi unakata nyuzi za ndani, kwa nje huoni kitu, na itakatikia njiani. Mi nimekaa na injini muda mrefu ila kusomewa belti namna ile sijawahi.

Baada ya hapo ndo akaenda kwenye injini, na akaenda ikiwa imezimwa na ufunguo kauchomoa kauweka mfukoni mwake. Alitoa belti akazungusha kila puli kwa mkono, anasikiliza, anaitikisa mbele nyuma. Beringi za pampu mpya zilikuwa safi, za altaneta safi. Ila puli ya mbele ya injini, ile kubwa, ndani ya mfereji wake kulikuwa na kutu yenye vishimo, ukipitisha kidole inakwaruza kama msasa, yaani kila mzunguko inaikwangua belti. Kutu imetoka wapi na injini iko ndani ya boksi? Akalala chini akamulika mpaka akaonyesha, pampu ya maji ya bahari ina tundu dogo chini yake, sili ikichoka maji ya chumvi yanadondokea hapo badala ya kuingia kwenye mafuta. Letu lilikuwa linadondosha kidogo kidogo, tone linaangukia karibu na puli na puli inalirusha kote. Kwaiyo hata puli mpya ukifunga bila kubadili ile sili, baada ya muda mfupi unarudi kwenye kutu.

Puli ya altaneta yenyewe ilikuwa imelika. Namna ya kujua ni rahisi na kila mtu anaweza kuangalia leo leo kwenye boti yake, belti ya V inashika kwa ubavu, sio kwa tumbo. Mgongo wake unatakiwa uwe sawa na ukingo wa puli au juu kidogo, na chini kule kwenye sakafu ya mfereji pasiguswe kabisa, pabaki na rangi au weusi. Ukikuta sakafu ya mfereji inang'aa kama imesuguliwa ujue belti imezama mpaka chini, haibani tena ubavuni, na hapo hata ukaze mpaka kesho itateleza. Yetu ilikuwa inang'aa ungeweza kujitazama.

Alafu akaja na kipande cha chuma kilichonyooka, akakilaza kwenye uso wa puli kubwa kikaelekea kwenye ya altaneta. Kikaonyesha altaneta imekaa mbele kwa milimita 5 hivi. Alisema kiwango kinachovumilika kwa belti ya V ni kama nusu digrii, kwa umbali wa sentimita 25 kati ya puli na puli hiyo ni kama milimita 2 tu. Milimita 5 kwa macho huioni, unaona iko sawa tu, belti ndo inaiona.

Lakini kilichonifanya nimuamini kabisa ni jaribio lililofuata. Alifunga belti ingine ya zamani iliyobaki na uhai kidogo, akasema washeni injini kwa betri ya kuwashia tu, friza na betri zake zimezimwa. Akamulika tochi kwenye altaneta, imetulia. Akasema sasa washa friza zote na betri zake, betri zilikuwa chini kwa makusudi, aliomba tuzilaze bila chaji. Hapo hapo altaneta ikapata mzigo na tukaiona kwa macho yetu inajipinda, mguu wa kukazia altaneta uliokuwa umetengenezwa kwa flati baa nyembamba yenye mfereji unacheza, altaneta inavutwa kuelekea kwenye puli kubwa, belti inalegea na kuanza kurukaruka, alafu ile harufu. Alikuwa na kile kipima joto cha kumulika, akaelekeza kwenye puli ya altaneta namba ikawa inapanda tu huku puli ya pampu inabaki chini, na puli inayopata joto kuliko mwenzake ndiyo ambayo belti inateleza juu yake. Yaani mafundi wote walikuwa wanakaza injini ikiwa imezimwa, belti inaonekana iko vizuri, ikipata kazi mguu wa altaneta unajipinda na ukazaji wote unapotea. Ukizima unarudi ulivyokuwa. Hakuna ambaye angeona bila kuipa mzigo.

Hesabu ya huo mzigo alitupigia kwa mdomo tu palepale. Ampea 120 kwa volti 14 ni kama wati 1,700 zinazotoka, lakini altaneta inapoteza karibu nusu kwa joto, kwaiyo kutoka kwenye belti inachukua wati 3,000 hivi, ni nguvu ya farasi wanne wanaopita kwenye ukanda mmoja wa mpira wa nusu inchi. Belti moja ya upana huo inashauriwa isizidi altaneta ya ampea 100, na ile nyembamba ya milimita 10 inabeba chini ya hapo. Na shida sio namba ya juu peke yake, ni muda. Betri zikiwa zimeshuka usiku kucha kwa friza, asubuhi ukiwasha altaneta inatoa yote iliyonayo kwa saa nzima au zaidi. Wanaofunga betri za lithiamu wasikie hili vizuri, hizo zinakubali chaji kubwa kwa muda mrefu kuliko za asidi, belti haipumui.

Sasa kazi aliyofanya. Alibadili kwanza sili za pampu ya maji ya bahari, hakukubali kugusa kingine kabla tone halijakauka. Puli kubwa akaitoa ikaenda kukerezwa, wakaipitia kidogo tu kuondoa vishimo, akasisitiza pembe ya mfereji isibadilike, puli ya altaneta ikatengenezwa mpya. Ule mguu wa flati baa akautupa, akachomelea mwingine wa bamba nene milimita 10 wenye kushika altaneta pande mbili, na sehemu ya kukazia akaweka rodi yenye nyuzi kama za bolti badala ya kuchokonoa altaneta na nondo wakati wa kukaza. Mguu ulipokuwa tayari ndo akapanga puli, kwa kuweka wosha nyuma ya altaneta mpaka kile chuma kikalala sawa sehemu zote. Utaratibu wake huo mi nimeupenda, kwa sababu ukipanga puli kwenye mguu unaopinda umepanga bure.

Kwenye mzigo tulifunga regulata ya nje (kifaa kinachoongoza chaji ya altaneta) ya kampuni ya Balmar niliyoagizia Dubai, ina mpangilio wake maalumu wa kupunguza nguvu ya altaneta kwa ajili ya kulinda belti, akaishusha mpaka inatoa kama ampea 80. Tukaongeza na paneli za sola juu ya paa ili asubuhi betri zisiwe hoi. Friza hazijalalamika. Zipo pia seti za kubadilisha mfumo mzima uwe wa belti bapa yenye mistari kama ya magari ya siku hizi, Balmar hao hao wanazo za Yanmar, unabadili puli zote tatu. Alitueleza ila hakutusukuma, akasema kwa ampea zetu hatuna haja, mwenye altaneta ya 150 kwenda juu ndo afikirie. Fundi anayekuambia usinunue kitu ambacho angepata hela kukifunga mi namheshimu.

Belti yenyewe tuliyofunga ni ya meno, ile iliyokatwa katwa upande wa ndani na ubavuni haina kitambaa, mpira mtupu. Tulizoea zile zilizofungwa kitambaa kizima kwa sababu ndizo zinazopatikana kirahisi na bei yake ni ndogo. Tofauti ipo kubwa kwenye puli ndogo kama ya altaneta, ya meno inajikunja bila kujilazimisha na haipati joto sana, na joto ndo adui, kanuni wanayoitumia watu wa belti ni kwamba joto la ndani ya mpira likiongezeka kama digrii 10 umri wa belti unapungua nusu. Kwa hiyo na tundu za hewa kwenye boksi la injini zikaguliwe, letu moja lilikuwa limezibwa na mapipa. Gates, Bando, Mitsuboshi, Optibelt wote wanatengeneza za meno. Tulichukua ya Bando kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani na nimeridhika nayo, bei inafika mara tatu ya ile ya kitambaa.

Kuhusu feki, muuzaji mmoja aliyetuuzia zamani sitamtaja, ila boksi lilikuwa la kampuni kubwa na belti ndani maandishi yake yanafutika kwa kidole chenye mate. Maandishi ya kweli hayatoki hivyo. Na usinunue kwa kupima belti ya zamani na kamba, imeshavutika na imeshaliwa upana, nenda na namba iliyoandikwa mgongoni, na kama imefutika pima puli. Belti yenye urefu sawa lakini upana wa juu tofauti itaingia vizuri tu na itakufa vizuri tu.

Kukaza kwake ni hivi, katikati ya sehemu ndefu unabonyeza na dole gumba kwa nguvu ya kama kilo 10 belti ishuke sentimita 1 hivi. Sio zaidi, sio pungufu sana. Belti mpya inalegea yenyewe mwanzoni ikishakaa kwenye mfereji, kwaiyo alitufanya tuwashe nusu saa kwa mzigo, tuzime, ipoe, akakaza upya, na akatuagiza turudie tukishafika Mafia safari ya kwanza. Tulirudia, ilikuwa imelegea kweli kidogo.

Kasoro zake nazo niziseme. Kazi hii fundi mwingine angesema ya siku moja, yeye ilimchukua wiki kadhaa kwa sababu anafanya boti moja kwa wakati na anayekereza ni mtu mwingine ambaye naye ana foleni yake. Hela ya kukereza anataka mkononi kabla. Udhamini wa maandishi hakuna, anakwambia ikirudi nirudie, na kwa anayetaka kudai bima au anayefanya mahesabu ya kampuni hilo ni tatizo la kweli, mi nilimuandikia karatasi mwenyewe akasaini. Akiwa chini ya injini hapokei simu, ujumbe atajibu usiku. Na anaongea ukweli mbele ya wafanyakazi wako, ukiwa bosi usiyependa kuambiwa boksi la injini yako ni chafu jiandae.

Bei yote kwa pamoja, sili, kukereza, mguu mpya, belti na ufundi, ukiondoa regulata na sola, haikufika nusu ya thamani ya samaki waliotuharibikia mara moja tu injini ilipozimika karibu na Mafia msimu wa kusi na friza zikafa. Tangu hapo belti iliyofungwa ndiyo ileile, mbele ya injini ukifuta na kitambaa cheupe unapata vumbi kidogo sana, na asubuhi tukiwasha betri zikiwa chini hailii.

Ukimpelekea kazi mbebee belti zote zilizokatika hata kama zimebaki vipande, usioshe injini kabla, anataka kuona vumbi limerukia upande gani na tone linadondokea wapi, na betri uziache zimeshuka ili ajaribu na mzigo. Jumapili hayupo.